Nani Huuambia Mmea Ukue?

Ndizi mbichi zikifika mtaa wa Tena, Nairobi, kutoka soko la Marikiti, mama mboga hazianiki juani. Huzipanga ndani ya kreti, huchomeka katikati parachichi moja au mawili yaliyokwisha kuiva, kisha hufunika gunia na kuziacha. Akifunua baada ya siku mbili tatu, hewa ya chini ya gunia ina joto na harufu tamu, na rangi ya manjano imeanzia pale ndizi zilipogusana na parachichi, ikasambaa kuelekea pembeni. Wanaofanya kazi hii kando ya barabara kila wiki wanajua matokeo yake kwa uhakika kuliko wengi wetu tunaojua majina yake ya kisayansi.

Kinachotoka kwenye lile parachichi ni gesi iitwayo ethilini. Ndizi mbichi ikiipata, hata ikiwa ni sehemu chache tu katika sehemu milioni moja za hewa, jeni kadhaa ndani ya seli zake huanza kazi. Wanga hugeuzwa sukari, ukijani wa ganda huvunjwavunjwa, nyama ya tunda hulainika. Kisha ndizi yenyewe huanza kutoa ethilini yake na kuiivisha jirani yake. Ethilini ni homoni ya mmea.

Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, na hauwezi kuhama ardhi ikiwa mbaya. Hata hivyo hauna budi kuamua mengi: uote lini, urefuke kiasi gani, utoe matawi mangapi, mzizi uelekee wapi, ua lichanue lini, jani lidondoke lini. Katika maamuzi hayo yote homoni zina mkono wake. Ni kemikali chache zinazotengenezwa kwa viwango vidogo mno katika sehemu moja ya mmea na mara nyingi kupokewa katika sehemu nyingine. Jeni ndizo zenye maagizo ya kutengeneza homoni, na jeni ndizo zenye maagizo ya kutengeneza vipokezi vyake. Ukibadilisha jeni moja tu kati ya hizo, mmea mzima unaweza kubadilika umbo.

Tangu 2012 Wakenya tumekuwa tukibishana juu ya GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, kwenye matatu, kanisani, bungeni na mahakamani, na karibu kila mara mabishano huishia pale pale: unataka au hutaki? Naliona swali hilo kuwa butu. Mkazi wa Tena anastahili kuuliza kwa ukali zaidi: ni jeni ipi iliyobadilishwa, inauambia mmea nini, na mbegu inayopatikana ni mali ya nani? Mtaa wetu haulimi mahindi wala ngano. Unga, ndizi, viazi na sehemu kubwa ya mboga huingia Eastlands kwa lori. Asiyelima ndiye mwenye haja kubwa ya kuelewa, kwa maana shamba lenyewe halioni.

Taa za gesi na nyanya za California

Kazi ya ethilini katika mimea iligunduliwa kwa sababu ya taa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa St Petersburg nchini Urusi, Dimitry Neljubow aliona kwamba miche yake ya njegere ndani ya maabara ilikuwa mifupi, minene, na ilikua ikielekea kando badala ya juu. Ile iliyopandwa nje ilikuwa sawa. Alitafuta sababu mpaka akaipata kwenye gesi iliyowasha taa za maabara, na mwaka 1901 akaitaja kemikali iliyohusika: ethilini. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba tunda linaloiva huitengeneza gesi hiyo lenyewe. Kumbe mmea hausubiri taa ya mtu.

Kutoka hapo swali likawa moja tu: je, mtu akiizuia ethilini, tunda litasubiri? Mwaka 1991 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, mjini Albany jimboni California, waliizima ndani ya mnyanya jeni inayotoa kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza homoni hiyo. Nyanya zilikomaa, zikakaa kwenye mmea, zikagoma kuwa nyekundu na laini. Walipozipulizia ethilini kutoka nje, ziliiva kama kawaida. Hakuna sumu ya wadudu iliyoongezwa. Walichokigusa ni wakati.

Kwa mji kama Nairobi, wakati ni pesa na ni chakula. Nyanya inayotoka Mwea au Loitokitok hupitia mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kibandani, na ile iliyopasuka njiani hulipiwa na mama mboga. Ndiyo maana wengine huchukua njia ya mkato isiyofaa. Kabaidi ya kalisiamu, ile inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, ikikutana na unyevu hutoa asetilini, gesi inayofanana na ethilini kiasi cha kuvihadaa vipokezi vya ndizi. Ndizi hugeuka manjano upesi, lakini kabaidi ya viwandani huweza kubeba mabaki ya aseniki na fosforasi. Parachichi chini ya gunia hufanya kazi hiyo hiyo, na hakuna anayedhurika.

Ncha ikikatwa

Panda ngazi za ghorofa yoyote hapa mtaani hadi juu, utakuta magunia na ndoo zilizojazwa udongo: sukuma wiki, dania, kitunguu cha majani, managu. Shika mche mmoja wa managu uliorefuka bila matawi, ukate ncha kwa kucha. Wiki moja hivi baadaye, katika kila pembe ambapo jani linashikana na shina, jicho lililokuwa limefumba litakuwa limechipua. Mche uliokuwa mti mmoja unakuwa kichaka, na mboga za jioni zinaongezeka.

Ile ncha ilikuwa ikitengeneza homoni iitwayo oksini. Oksini huteremka shinani na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue, ili nguvu zote ziende juu kutafuta mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 juu ya majaribio waliyofanya kwa machipukizi ya nyasi: chipukizi lililofunikwa ncha halikupinda kufuata mwanga, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Basi kulikuwa na kitu kinachotoka juu kwenda chini. Katika miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alikinasa kitu hicho ndani ya vipande vya agari na kuonyesha kwamba kipande kile peke yake, bila ncha, kinaweza kulipindisha chipukizi.

Oksini haitawali peke yake. Kuna saitokinini, inayoyahimiza macho yachipue na seli zigawanyike. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuza vipande vya tumbaku ndani ya chupa na kugundua kwamba uwiano wa homoni hizi mbili ndio unaoamua kipande kitakuwa nini. Ukizidisha oksini, kinatoa mizizi. Ukizidisha saitokinini, kinatoa machipukizi. Ukizilinganisha, kinakuwa donge la seli lisilo na umbo.

Ndizi za tishu ambazo wakulima wa Kenya wamekuwa wakipanda tangu miaka ya 1990 ni matunda ya ugunduzi huo: kipande kidogo cha mgomba safi hukatwa, hupewa homoni kwa uwiano unaofaa, na kutoka kwake hupatikana miche mingi isiyobeba magonjwa ya shamba la mama. Uhariri wa jeni nao hupita humo humo. Upande wa pili wa jiji, Uthiru, katika kampasi ya taasisi ya mifugo ya ILRI, Dkt. Leena Tripathi wa taasisi ya kilimo ya IITA na wenzake walichapisha mwaka 2019 namna walivyotumia CRISPR, zana ya kukata vinasaba, kulemaza kirusi cha michirizi ya migomba kilichokuwa kimejificha ndani ya vinasaba vya mgomba wenyewe. Seli iliyohaririwa bado ni seli tu. Ili iwe mgomba, ilibidi ipewe oksini na saitokinini.

Bakteria iliyotutangulia

Wengi hudhani kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja hadi kingine ni jambo lililobuniwa na kampuni kubwa za Marekani. Udongo ulikuwa ukifanya hivyo kabla mtu hajashika jembe.

Mkulima wa waridi anaijua dalili yake: uvimbe wenye makunyanzi chini ya shina, karibu na udongo. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Marekani, Erwin Smith na Charles Townsend, walionyesha kwamba uvimbe huo husababishwa na bakteria, ile ambayo leo inaitwa Agrobacterium tumefaciens. Ilichukua miaka sabini kuelewa inafanyaje. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walithibitisha kwamba bakteria hiyo huchukua kipande cha vinasaba vyake na kukipandikiza ndani ya vinasaba vya mmea. Na ndani ya kipande hicho kuna jeni za kutengeneza oksini na saitokinini. Mmea hulazimishwa kuzalisha homoni za ukuaji pasipo kikomo, seli zinagawanyika ovyo, uvimbe unakua, nao unaanza kuitengenezea bakteria chakula chake maalumu.

Watafiti waliona mlango hapo. Waliondoa zile jeni za homoni zinazoleta uvimbe, wakaiacha bakteria na ustadi wake wa kupandikiza, kisha wakaweka jeni waliyoitaka wao. Mwaka 1983 makundi matatu, moja la Ubelgiji na mawili ya Marekani, yalitangaza kufaulu. Uhandisi jeni wa mimea ulizaliwa kutokana na ugonjwa wa homoni.

Halafu, mwaka 2015, ikaja habari inayomhusu kila anayekula kiazi kitamu na chai asubuhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi huko Peru walichunguza vinasaba vya viazi vitamu na kukuta ndani yake vipande vya Agrobacterium. Kimoja kati ya vipande hivyo kilikuwamo katika aina zote 291 za viazi vya kulimwa walizozipima, na hakikuonekana katika mimea ya porini iliyo ndugu wa karibu wa kiazi hicho. Kati ya jeni zilizomo kuna za kutengeneza oksini. Kwa maneno mengine, bakteria iliingiza jeni zake katika babu wa kiazi kitamu hapo kale, na wazee waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi waliupenda mmea ule kuliko mwingine. Kiazi kitamu ni GMO iliyotengenezwa na maumbile, na tumekuwa tukiila tangu zamani.

Simaanishi kwamba kila GMO ni salama kwa kuwa kiazi ni salama. Naipa uzito habari hii kwa sababu inatuondoa kwenye woga wa jina na kutupeleka kwenye kazi ya jeni yenyewe. Isitoshe, Kenya ina historia yake hapo. Kuanzia miaka ya 1990, Dkt. Florence Wambugu na baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI walishughulikia kiazi kitamu kilichopandikizwa jeni ya kukinga virusi. Kilipopelekwa shambani, kinga iliyotarajiwa haikuonekana. Jeni yaweza kuingia salama katika mmea na bado isitoe kazi iliyotumwa. Hilo nalo ni la kuuliza.

Ngano isiyosikia

Chapati nayo ina siri yake. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa, aliyekuwa Taiwan, aligundua kwamba kuvu fulani hutoa kemikali inayoufanya mpunga urefuke kupita kiasi hadi uanguke. Kemikali hiyo iliitwa jiberelini, na baadaye ikajulikana kwamba mimea yenyewe huitengeneza kama homoni ya kurefusha shina.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Norman Borlaug na wenzake nchini Mexico walichanganya ngano yao na ngano fupi ya Kijapani. Ngano ndefu ikitiwa mbolea nyingi ilikuwa ikizidiwa na uzito wa masuke na kulala chini. Hii fupi ilisimama, ikazaa. Ilienea India, Pakistan na kwingineko, na mwaka 1970 Borlaug akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa nini ilikuwa fupi? Jibu kamili lilikuja 1999, pale wanasayansi wa Kituo cha John Innes nchini Uingereza walipoonyesha kwamba jeni zile za ufupi huifanya ngano isiitikie jiberelini. Homoni ipo, lakini ngano haiisikii. Dunia ilikuwa imekula mabadiliko ya homoni kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kujua kilichobadilika, na hakuna maabara iliyokuwa imegusa jeni. Wakulima na watafiti walichagua kwa macho.

Kiduha na mtama wa Kahawa

Mfano ninaoupa nafasi kubwa zaidi uko karibu nasi. Kutoka Tena ukifuata Outering hadi Allsops, kisha ukashika barabara ya Thika, utapita Kasarani yalipo makao ya taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, na mbele yake utafika Kahawa, kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Taasisi hizo mbili zinapambana na adui mmoja, na adui huyo ameijua homoni ya mmea tangu kabla ya wanasayansi kuijua.

Watanzania humwita kiduha. Wajaluo humwita kayongo. Jina lake la kisayansi ni Striga. Wakazi wengi wa Tena wenye mashamba Siaya, Busia, Vihiga au Homa Bay wamemwona: gugu dogo lenye maua ya zambarau yanayopendeza, limesimama kati ya mahindi yaliyodumaa na kukauka majani. Maua yanapoonekana, uharibifu umeshafanyika, kwa kuwa kiduha huishi chini ya udongo majuma kadhaa kwanza, mizizi yake imejishona ndani ya mizizi ya mahindi ikinyonya maji na chakula. Mkulima aking'oa, amechelewa. Na akiacha mmea mmoja utoe mbegu, hizo ni makumi ya maelfu.

Mbegu yenyewe ni ndogo kama vumbi. Akiba yake ya chakula haitoshi hata juma moja, kwa hiyo ikiota mahali pasipo na mzizi wa kunyonya, inakufa. Hulala udongoni miaka kumi na zaidi, kama mgeni anayengoja kusikia harufu ya chakula jikoni ndipo abishe hodi. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walifaulu kuitenga ile ishara inayoiamsha, wakiipata kwenye mizizi ya pamba, wakaiita strigoli. Kemikali za ukoo huo sasa huitwa strigolaktoni.

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa fumbo. Kwa nini mmea utoe udongoni kemikali inayomwita muuaji wake? Jibu la kwanza lilitoka Japani mwaka 2005: strigolaktoni huwaita kuvu wema wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi. Mmea unapokuwa katika udongo uliochoka huita kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ndipo unapohitaji msaada. Kiduha amejifunza kuudukua mwito huo. Ndiyo sababu huwatesa zaidi wenye mashamba yaliyokosa rutuba, yaani wale wasio na pesa za mbolea. Jibu la pili lilikuja 2008, pale makundi mawili ya watafiti yalipoonyesha kwamba kemikali hiyo hiyo, ndani ya mmea, ni homoni inayozuia matawi. Mmea wenye njaa hupunguza matawi yake juu na kuomba msaada chini, kwa ujumbe mmoja.

Hapa ndipo ugumu wa kazi ulipo. Ukiizima strigolaktoni yote ili kiduha asisikie kitu, utapata mmea wenye matawi ovyo usioweza kuwaita kuvu wake. Inabidi ujumbe ubaki na lahaja ibadilike. Maumbile yalikuwa yameshafanya hivyo katika mitama michache ya Afrika. Kundi la Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia anayefundisha Chuo Kikuu cha Purdue na aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, lilieleza mwaka 2017 kwamba mitama hiyo imepoteza jeni iitwayo LGS1. Mtama wa kawaida hutoa kwa wingi strigolaktoni iitwayo 5-deoksistrigoli, inayomwamsha kiduha kwa urahisi. Usio na LGS1 hutoa zaidi orobankoli, ambayo kiduha huisikia kwa shida. Kuvu bado wanaitwa, na mbegu nyingi za gugu zinaendelea kulala.

Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Profesa Steven Runo na wenzake wamekuwa wakitumia CRISPR kuizima jeni hiyo katika mtama. CRISPR ni mfumo unaotumia kimeng'enya kukata vinasaba mahali pamoja palipochaguliwa. Seli inapojaribu kuunga palipokatwa, mara nyingi hukosea herufi chache, na jeni inanyamaza. Kifaa chenyewe kinaweza kuondolewa kwa kuzalisha mimea kizazi kingine na kuchagua isiyokibeba, na kinachobaki ni mtama usio na jeni ya kigeni, wenye badiliko linalofanana na lile lililokwishatokea lenyewe mashambani. Mwaka 2020 Runo alipewa Tuzo ya Afrika na Royal Society ya Uingereza kwa utafiti wake juu ya kiduha.

Mwaka huo huo, utafiti mkubwa ambao Runo alishiriki ulisema jambo linalopaswa kusikika sawasawa na habari njema. Faida ya kupoteza LGS1 hutegemea aina ya kiduha aliyepo na mazingira ya shamba, na mtama uliohaririwa ulionyesha utendaji uliopungua wa baadhi ya jeni za usanisinuru, kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga. Kinga ina bei yake. Kusema hivyo hadharani ni uaminifu wa sayansi, na ndiyo sababu majaribio ya shambani hayakwepeki.

Wala uhariri wa jeni si njia pekee. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, icipe ilibuni tangu miaka ya 1990 kilimo cha kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya kiduha iote na nyingine zinazoizuia kujishikiza, ikafa kwa njaa. Mwaka 2005 wakulima wa magharibi waliletewa mahindi yaliyoitwa Ua Kayongo, yanayostahimili dawa ya magugu iliyopakwa kwenye mbegu, na ustahimilivu huo haukutokana na jeni iliyohamishwa. Mwaka 2021 ilisajiliwa nchini Kichawi Kill, kuvu wa udongoni anayemuua kiduha bila kudhuru mahindi. Mkulima mwenye busara hatategemea silaha moja, kwa maana gugu lenye mbegu nyingi kiasi hicho halikosi mbegu chache zitakazoizoea.

Maswali matatu

Sasa turudi kwenye mabishano yetu. Mnamo Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, muda mfupi baada ya utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini kudai kwamba panya waliolishwa mahindi ya aina moja walipata uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha liliuondoa. Marufuku ilidumu karibu miaka kumi, hadi Baraza la Mawaziri lilipoiondoa tarehe 3 Oktoba 2022, wakati wa ukame. Kesi zikafuata. Zilitupwa, lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi wa kuiondoa marufuku wakati rufaa ikisubiri kusikilizwa. Katika muda huo wote, mwananchi ameombwa achague upande, na mara chache amepewa maelezo.

Tazama jinsi mambo yanavyotofautiana. Pamba ya Bt, iliyoruhusiwa kulimwa nchini mwishoni mwa 2019, imewekewa jeni za bakteria zinazotengeneza protini za kuua viwavi. Mtama wa Kahawa haujaongezewa kitu, umenyamazishiwa jeni moja. Nyanya za California zilicheleweshwa kuiva. Haya ni mambo matatu tofauti, yenye hatari tofauti na faida tofauti, na neno GMO peke yake haliyatenganishi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, NBA, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022 unaotaka kila zao lipimwe kivyake, na unaoruhusu lile lisilo na jeni ya kigeni lichukuliwe kama zao la kawaida. Nauona huo kuwa mwelekeo sahihi, mradi upimaji uwe wa kweli na matokeo yawekwe wazi.

Swali la kwanza, basi, ni jeni ipi. Anayeleta zao jipya aeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka kilichoongezwa au kilichozimwa. La pili ni inauambia mmea nini. Homoni hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na strigolaktoni ni shahidi: inayozuia matawi ndiyo inayoita kuvu na ndiyo inayomwamsha kiduha. Ukigusa kamba moja, nyingine hutikisika. Atuonyeshe basi kilichotikisika, shambani Siaya na si kwenye chungu cha maabara tu.

La tatu ni mbegu ya nani. Mbegu ya pamba yetu ya Bt ilitoka kwa kampuni ya India, na mkulima wa Kenya humtegemea anayeileta. Mtama unaotafitiwa katika chuo cha umma, na watafiti wa hapa, kwa adui wa hapa, unaweza kumfikia mkulima kwa masharti mengine kabisa, kama sisi walipa kodi tutayadai mapema. Elimu hii ikibaki mikononi mwa wenye pesa peke yao, watashughulikia mazao yenye faida kubwa, na kiduha atabaki shida ya bibi yetu kijijini.

NBA hutangaza maombi ya kuachilia mazao mapya na hupokea maoni ya umma kabla ya kuamua. Nafasi hiyo mara nyingi hupita bila sauti ya mitaa kama yetu, ingawa ndiko walaji waliko. Mkazi wa Tena hahitaji shahada ili aandike barua yenye maswali hayo matatu. Akikosa jibu, ana haki ya kukataa. Akijibiwa kwa ushahidi, ana wajibu wa kusikiliza.